Hadubini moja, wanafunzi arobaini: vipimo vya nanometa vifundishwe vipi?

Swali: Mimi ni mhadhiri wa uhandisi wa mitambo. Muhula ujao nimepangiwa kozi mpya ya mwaka wa tatu kuhusu upimaji na utengenezaji wa vitu vya kiwango cha nanometa. Nina wanafunzi arobaini, hadubini moja ya nguvu za atomu ambayo imezeeka na hukwama mara kwa mara, na hatuna chumba safi cha kutengenezea chipu. Wenzangu wananishauri nianze na fizikia ya kwanta. Nianzie wapi, wanafunzi wafanye nini kwa mikono yao, na niwapimeje?

Jibu:

Mwalimu mwenzangu, usianze na kwanta. Anza na kipimajoto.

Wanafunzi wako tayari wanajua sheria ya Hooke, wanajua boriti inavyopinda, wanajua kwamba chuma hutanuka kikipata joto, wamesoma mawimbi ya mwanga, na wana takwimu kidogo. Hayo yanatosha kuwafikisha kwenye nanometa moja, yaani sehemu moja ya bilioni ya mita. Kwanta ina mahali pake na nitafika huko, lakini mhandisi anayetengeneza kitu cha nanometa 50 husumbuliwa kwanza na joto, mtetemo, unyevu na kunata. Ukifungua kozi kwa mlinganyo wa Schrödinger, darasa litaondoka likiamini kwamba huko chini ni ulimwengu mwingine na kwamba ujuzi wao wa uhandisi umeishia mlangoni. Wengi hawarudi tena kwenye somo hili baada ya hapo, na inasikitisha, kwa sababu wao ndio wangelifaa.

Kuna jambo moja ambalo ningetaka walishike kabla ya mengine yote: picha si kipimo. Hadubini za siku hizi hutoa picha za kuvutia mno, zenye rangi na vivuli, na mwanafunzi akishaiona picha hudhani kazi imekwisha. Kazi inaanza pale anapoulizwa, kitu hiki kina upana gani, una shaka kiasi gani juu ya namba hiyo, na nani anaweza kuithibitisha kwa njia nyingine? Kozi nzima naipanga kuzunguka swali hilo. Kila wanachotengeneza wakipime kwa njia mbili zisizofanana, kisha waeleze kwa nini majibu hayakukubaliana. Hayatakubaliana kabisa hata mara moja, na katika kueleza tofauti hiyo ndipo wanapojifunza.

Siku ya kwanza wape swali hili bila utangulizi wowote: kipande cha feleji chenye urefu wa milimita 100 kimeongezeka joto kwa nyuzi 1 tu ya Selsiasi; kimerefuka kiasi gani? Kila mmoja akadirie kwanza, ndipo akokotoe. Feleji hutanuka takriban sehemu 11.5 kwa milioni kwa kila nyuzi, kwa hiyo jibu ni maikrometa 1.15, yaani nanometa 1,150. Kisha waulize maabara yenu hubadilika nyuzi ngapi kati ya asubuhi na mchana, na kidole kikigusa kipande hicho kinakipandisha joto kiasi gani. Wataelewa wenyewe kwa nini vipimo vya urefu viwandani hutajwa kwa halijoto rejea ya nyuzi 20, kama kiwango cha ISO 1 kinavyotaka, na kwa nini mpimaji mzoefu huuliza halijoto kabla hajauliza ni chombo gani kilichotumika.

Halafu walione jambo hilo kwa macho. Interferometa ya Michelson, chombo kinachogawa mwanga mara mbili na kuukutanisha tena ili utoe mistari myeusi na myeupe, haihitaji vitu vingi: leza, kioo kinachogawa mwanga, vioo viwili na meza nzito. Kioo kimoja kibandikwe kwenye ncha ya fimbo ya alumini yenye urefu wa milimita 50, ncha ya pili ikiwa imefungwa imara. Alumini hutanuka kama sehemu 23 kwa milioni, kwa hiyo nyuzi 1 inairefusha fimbo hiyo kwa maikrometa 1.15 vilevile. Ukitumia leza ya heli na neoni, ambayo wimbi lake lina urefu wa nanometa 632.8, kila mstari mweusi unaopita alama kwenye skrini unamaanisha kioo kimesogea nanometa 316. Mwanafunzi akiishika fimbo kwa vidole viwili, mistari inaanza kutembea. Akiiachia, inasimama na kurudi taratibu. Kila nyuzi ni mistari mitatu na nusu hivi. Baada ya hapo hakuna haja ya kumhubiria mtu kuhusu kusubiri vifaa vipoe.

Wiki hiyohiyo ningeingiza kanuni ya Abbe ya mwaka 1890, kwa sababu ni ya uhandisi wa mitambo moja kwa moja: mstari wa kipimo upite palepale kitu kinapopimwa. Ukiuweka kando kwa milimita 10, na meza ikainama kwa sekunde 1 tu ya pembe (sehemu ya 3,600 ya nyuzi moja), umeshapata kosa la nanometa 48. Ni kuzidisha namba mbili, lakini imebadilisha umbo la mashine nyingi.

Sasa tuje kwenye diski, ambazo kwangu ndizo moyo wa nusu ya kwanza ya muhula. CD ina mistari iliyoachana kwa nanometa 1,600, DVD kwa 740 na Blu-ray kwa 320. Elekeza leza nyekundu ya nanometa 650 wima kwenye CD, na mwale wa kwanza unaochepuka utatoka kwa pembe ya nyuzi 24. Kwenye DVD utatoka kwa nyuzi 61. Kwenye Blu-ray hautatoka kabisa. Usiwaambie mapema. Waache wageuze diski, wabadilishe leza, wabishane. Mwishowe mmoja atarudi kwenye mlinganyo na kugundua kwamba sine ya pembe ingelazimika kuwa zaidi ya 2. Amegusa kikomo cha mwanga kwa mkono wake mwenyewe, na sasa anajua kwa nini hadubini ya kawaida hugota karibu na nanometa 200.

Usiishie hapo. Waambie waandike kiasi cha shaka. Tuseme wamesoma pembe kwa makosa ya nusu nyuzi. Kwenye CD, makosa hayo yanaleta shaka ya karibu asilimia 2 katika nafasi ya mistari. Kwenye DVD, pembe ikiwa kubwa, makosa yaleyale yanaleta nusu ya asilimia tu. Lakini leza ya kuelekezea inayouzwa kama ya nanometa 650 inaweza kuwa 645 au 655, na hiyo peke yake ni asilimia 0.8. Kwa hiyo kwenye CD kinachotawala ni pembe, na kwenye DVD kinachotawala ni leza. Mwanafunzi anayeweza kusema sentensi hiyo na kuionyesha kwa hesabu ameshaelewa upimaji kuliko yule aliyekariri aina zote za hadubini. Atajua pia fedha na muda viende wapi: kwa DVD hakuna faida ya kununua kipimapembe bora ilhali urefu wa wimbi la leza haujulikani vizuri.

Hapo swali linakuja lenyewe: na urefu wa wimbi la leza tunaujuaje? Wafuatishe mnyororo hadi mwisho. Mita, tangu mwaka 1983, imefungwa kwenye mwendo wa mwanga, mita 299,792,458 kwa sekunde. Leza iliyotulizwa hulinganishwa na kiwango cha taifa, chombo cha kiwandani hulinganishwa na leza hiyo, na kadhalika hadi kwenye maabara yenu. Kwa vipimo vidogo kuna njia ya pili nzuri sana: tangu 2019 nafasi kati ya matabaka ya atomu katika fuwele ya silikoni, nanometa 0.192 kwa matabaka yanayoitwa 220, imekubaliwa kimataifa kama njia ya kuipata mita katika kiwango hiki. Maumbile yametupa rula ambayo alama zake ni atomu. Kwa kimo, ngazi moja ya atomu kwenye uso wa silikoni unaoitwa 111 ni nanometa 0.314, na hutumika kufanyia ugezi wa hadubini, yaani kuilinganisha na kitu kinachojulikana.

Kama unataka kisa cha kuonyesha kwa nini mnyororo huo ni wa lazima, tumia darubini ya anga ya Hubble. Kioo chake cha mita 2.4 kilisuguliwa kwa ulaini wa ajabu, lakini kwa umbo lisilo sahihi: ukingoni kilikuwa bapa kupita kiasi kwa takriban maikrometa 2.2. Chombo cha kukaguzia umbo kilikuwa na lenzi iliyowekwa nje ya mahali pake kwa milimita 1.3. Vifaa vingine viwili, vya hali ya chini zaidi, vilionyesha kwamba kuna tatizo, vikapuuzwa kwa sababu kile kikubwa kiliaminiwa kuwa sahihi zaidi. Darubini ikarushwa mwaka 1990 na picha zikatoka na ukungu. Kurudia jibu lilelile kila mara hakukuwa na maana yoyote ya kuwa sahihi. Njia ya pili ilikuwepo; kilichokosekana ni mtu wa kuisikiliza.

Hadubini yako ya nguvu za atomu iingie baada ya haya. Binnig, Quate na Gerber waliibuni mwaka 1986, na darasa la uhandisi wa mitambo linaweza kuielewa yote kwa somo la boriti iliyoshikizwa upande mmoja: ncha kali iliyo mwishoni mwa boriti ndogo hupapasa uso, na kupinda kwa boriti ndiko kunakosomwa. Wape vipimo vya boriti ya silikoni: urefu maikrometa 450, upana 50, unene 2. Wakokotoe ugumu wake. Watapata karibu nyutoni 0.2 kwa mita, kwa hiyo boriti ikipinda nanometa 1, nguvu ni nanonyutoni 0.2. Unene uko kwenye kipeo cha tatu, hivyo kosa la asilimia 10 kwenye unene ni kosa la karibu theluthi kwenye nguvu. Ndiyo maana namba iliyoandikwa kwenye kisanduku cha boriti haitoshi, na ndiyo maana watu hupima ugumu kwa kuitazama boriti ikitetemeka yenyewe kwa joto la chumba. Kwa boriti hiyo mtetemo ni kama nanometa 0.14 kwa wastani. Mwaka wa pili walisoma nishati ya joto ya molekuli kama jambo la kwenye ubao. Hapa wanaiona inasukuma kipande cha silikoni, na wanaitumia kama kipimo.

Kisha unyevu. Ncha yenye nusu kipenyo cha nanometa 10 ikigusa uso wenye utando wa maji, maji huivuta kwa takriban nanonyutoni 9. Kwa boriti yetu, lazima uirudishe nyuma karibu nanometa 45 kabla ncha haijachomoka. Kwenye grafu ya nguvu na umbali wanaliona ruko hilo waziwazi. Toka hapo ni hatua fupi kwenda kwenye utengenezaji: chembe ya silika yenye kipenyo cha maikrometa 1 inaweza kushikwa na uso kwa nguvu inayozidi uzito wake zaidi ya mara milioni. Anayebuni mkono wa roboti wa kuokota chembe hizo atagundua kwamba kushika hakuna taabu, na kwamba muda wake wote utaishia kwenye kutafuta namna ya kuachia.

Na hapa kwanta inapata nafasi yake ya haki. Ndugu mkubwa wa chombo hiki, hadubini ya mkondo wa kupenya, ambayo Binnig na Rohrer waliiunda Zurich mwaka 1981 na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1986, hutumia mkondo wa elektroni unaopungua takriban mara kumi kila ncha inaporudi nyuma nanometa 0.1. Mwanafunzi akishajua jinsi ilivyo vigumu kupima sehemu hiyo ya kumi kwa boriti na leza, anaipokea kwanta kama suluhisho la tatizo analolijua. Mhadhara mmoja mzuri unatosha.

Kuhusu ncha, usiruke zoezi hili. Chukua chembe za dhahabu za nanometa 20 zilizotandazwa kwenye mika, madini yenye uso bapa sana. Hadubini itaonyesha kimo cha nanometa 20, na upana wa 40. Wengi huandika upana huo bila wasiwasi. Waambie wachore duara la ncha lenye nusu kipenyo cha 10 likipanda juu ya duara la chembe lenye nusu kipenyo cha 10, na watafute ncha inaanza kugusa chembe ikiwa umbali gani. Pythagoras anawapa mzizi wa zao la nusu kipenyo hizo mbili, mara mbili kwa kila upande: jumla 40. Ni sawa na kupapasa sindano ukiwa umevaa glavu nene, unachokisikia ni glavu pamoja na sindano. Kimo hakiathiriki, kwa hiyo kwa chembe za duara kimo ndicho kipenyo cha kuaminiwa. Hadubini ya elektroni ina tabia iliyo kinyume: upana inautoa vizuri, kuhusu kimo karibu haisemi lolote. Kama chuo jirani kinayo, omba picha za sampuli zilezile, zitakufaa miaka mingi. (Chembe hizo zitumike zikiwa ndani ya kimiminika daima. Unga mkavu wa chembe ndogo usiruhusiwe kwenye maabara ya wanafunzi. Hakuna mtu anayepaswa kuuvuta puani.)

Sasa tatizo la hadubini moja kwa watu arobaini. Usiwapange foleni. Kila kikundi kikae nayo mchana mmoja tu, kijue kufunga boriti, kukaribia uso na kuchukua picha moja, hata ikiwa mbaya. Kazi kubwa ifanyike kwenye data ghafi. Programu ya Gwyddion ni ya bure, chanzo chake kiko wazi, na inasoma mafaili ya hadubini za makampuni mengi. Wape vikundi vyote faili moja la uso usio sawa, na kila kikundi kitoe thamani ya mparuzo wake. Majibu yatatofautiana sana, maana mmoja amenyoosha picha kwa mstari, mwingine kwa kipeo cha pili, wa tatu amesawazisha kila mstari peke yake na kufuta mawimbi ambayo yalikuwa ya kweli. Waweke majibu yote ubaoni, kila jibu na hatua zilizolizaa. Nimeona zoezi hili likibadilisha namna darasa linavyosoma ripoti za watu wengine: wanaanza kuuliza picha ilifanyiwa nini kabla haijachapishwa.

Hadubini iliyozeeka ina faida yake pia. Fuwele zinazosogeza ncha yake hazirudi kwenye njia ileile. Kama haina vihisi vya kusahihisha mwendo, tofauti kati ya kwenda na kurudi inaweza kufika asilimia 10 au 15. Chombo kipya huficha hayo. Cha kwako kitayaonyesha. Walete ile DVD waliyoipima kwa leza, waitenganishe matabaka yake mawili, waiweke chini ya ncha na kulinganisha. Leza imepima wastani wa mamia ya mistari kwa pamoja. Ncha imepima michache, mahali pamoja. Hadubini ikisema 700 na leza ikasema 742, swali la nani wa kuaminiwa na kwa nini lina jibu, na baada ya hapo DVD inakuwa kiwango chenu cha ugezi.

Utengenezaji bila chumba safi unawezekana, na bila kuwadanganya wanafunzi. Nina kazi mbili ninazozipenda.

Ya kwanza ni titani. Bamba dogo la titani likiunganishwa na upande chanya wa umeme wa moja kwa moja, ndani ya maji yenye baikaboneti ya sodiamu, huota tabaka la oksidi ambalo unene wake hufuata volti: takriban nanometa 2 kwa kila volti, kutegemea kimiminika na namna ulivyopandisha umeme. Kwenye volti 10 bamba huwa na rangi ya shaba iliyofifia, kwenye 20 huwa buluu iliyokolea, kwenye 30 buluu nyepesi, na kwenye 50 hivi linakuwa manjano. Hakuna rangi yoyote iliyopakwa. Ni mwanga uliorudi kutoka juu ya tabaka ukikutana na ule uliorudi kutoka chini yake. Kila mwanafunzi anatengeneza kitu cha nanometa 50 kwa dakika chache na kukishika mkononi. Tumia chanzo cha umeme chenye kikomo cha mkondo, usipite volti 50, glavu zivaliwe, na mikono isiingie majini umeme ukiwa umewashwa. Asidi ya hidrofloriki, ambayo baadhi ya viwanda huitumia kusafishia titani, isiingie kabisa kwenye maabara hii. Sabuni na msasa laini vinatosha.

Utamu uko kwenye kupima. Unene unaweza kukadiriwa kutoka kwenye volti. Unaweza pia kukokotolewa kutoka kwenye chaji iliyopita, kwa sheria ya Faraday: kila sentimita moja ya mraba ya oksidi yenye unene wa nanometa 50 inahitaji takriban kulombi 0.1, ikiwa elektroni zote zimefanya kazi ya kujenga oksidi. Njia ya tatu ni wigo wa mwanga unaorudi kutoka kwenye bamba. Chaji mara nyingi hutoa unene mkubwa kupita wenzake, kwa sababu sehemu ya mkondo imepotelea kwenye kutoa oksijeni, na pia kwa sababu wanafunzi huchukua msongamano wa fuwele kamili kwa tabaka ambalo si fuwele kamili. Wigo nao unategemea kipeo cha mpindo wa mwanga walichokidhania. Acha wagombane na namba hizo tatu. Hakuna jibu la nyuma ya kitabu, na ni vizuri walijue hilo.

Ya pili ni kunakili DVD kwa mpira wa silikoni, ule wa PDMS, mbinu iliyoenezwa na kikundi cha George Whitesides cha Harvard. Unachanganya sehemu 10 za mpira na 1 ya kigandishi, unamimina juu ya mistari iliyo wazi, unatoa mapovu, unagandisha, unabandua. Mpira ulio wazi kama kioo unarusha rangi za upinde wa mvua. Mpe kila mtu leza. Mpira uliogandishwa kwenye joto hunywea ukipoa, kati ya asilimia 1 na 2 kwa kawaida, na uliogandishwa kwa halijoto ya chumba, polepole, karibu haunywei. Tuseme umenywea asilimia 1.5. Nafasi ya mistari imetoka 740 hadi 729, tofauti ya nanometa 11. Pembe ya mwale imetoka nyuzi 61.4 hadi 63.1, na ukuta ukiwa sentimita 30 kutoka kwenye mpira, doa la leza limehama kutoka sentimita 55 hadi 59. Nanometa 11 zimeonekana kwa rula ya mbao. Kila kikundi kigandishe kwa halijoto yake, kisha darasa zima lichore grafu moja ya kunywea dhidi ya halijoto na kuilinganisha na mgawo wa kutanuka wa mpira. Ukitaka kazi moja tu ya kozi nzima, chagua hii: kuna kutengeneza, kupima, joto, wastani na shaka, vyote ndani ya kipande kimoja.

Chipu nisingezipa zaidi ya mihadhara miwili, kwa kuwa hamna mashine na maelezo ya mashine yasiyo na mazoezi husahaulika. Wafanye hesabu ya Rayleigh: mwanga wa nanometa 193 kupitia lenzi iliyozamishwa majini, yenye namba ya uwazi (kipimo cha upana wa koni ya mwanga ambayo lenzi hukusanya) ya 1.35, unaishia karibu na nusu-hatua, yaani nusu ya umbali kati ya mistari miwili, ya nanometa 36. Kwa hesabu ileile, mwanga wa 13.5 wenye namba ya 0.33 unafika karibu na 10. Kisha waulize, chipu inayoitwa ya "nanometa 3" ina kitu gani chenye nanometa 3? Jina hilo halitaji kipimo cha sehemu yoyote maalumu. Nafasi kati ya transista ni makumi ya nanometa. Ongeza kidogo kuhusu njia ya kugonga muhuri ambayo Stephen Chou aliitangaza mwaka 1995, kwa sababu wameshaijua kwa mikono kupitia mpira wao.

Kuhusu kuwapima wanafunzi, punguza mtihani wa kukariri hadi sehemu ndogo. Alama nyingi ziende kwenye ripoti fupi: namba, kiasi cha shaka, chanzo kinachotawala shaka hiyo, na hatua moja ambayo ingeipunguza nusu. Mara moja katika muhula vikundi vibadilishane sampuli bila majina na kila kimoja kipime ya mwenzake. Chukua tofauti ya majibu mawili, igawanye kwa shaka zao zikiunganishwa, yaani mzizi wa jumla ya vipeo vyao vya pili. Ikizidi 1, mmoja wao amejiamini kupita kiasi, na wakae pamoja kutafuta ni nani. Mimi huwapa alama nzuri wenye shaka kubwa lakini ya kweli, na huwakata wale walioandika shaka ndogo wasiyoweza kuitetea. Mwanzoni wanalalamika, maana miaka yote wamezoea kukatwa kwa kuwa mbali na jibu la mwalimu. Shikilia msimamo.

Maandalizi ya mwisho yaanze sasa, kabla muhula haujafunguliwa. Tenga DVD moja na bamba moja la titani, viandikwe namba, viwekwe kwenye kisanduku kikavu, na visitumike kwa jambo lingine lolote. Vipime kila wiki kwa leza na kwa hadubini, pamoja na halijoto ya chumba, na nukta ziingie kwenye grafu iliyobandikwa mlangoni. Hadubini ikianza kuhama utaiona kwenye grafu kabla haijaharibu ripoti arobaini, na fundi akija utakuwa na kitu cha kumwonyesha. Nukta za kwanza uziweke wewe mwenyewe wiki hii, kwa sababu bila hizo hutajua chombo kilikuwaje kabla wanafunzi hawajakigusa.